Mtani wa Serikali

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina zuri tu, lakini jina lenyewe lilichukuliwa mwaka juzi kwenda kufanyiwa uhakiki wa usalama, na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo tunaiita Nchi, basi, na anayetaka kujua zaidi anaombwa avumilie kama tunavyovumilia sisi wananchi wake. Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali. Naandika yale ninayoyaona, nikisharuhusiwa kuyaona.

Zamani usalama wa Nchi ulikuwa ukitabiriwa na goti la kushoto la Jenerali Kassian Lugome. Goti likimuuma, ilijulikana kuna watu mahali fulani wananong'ona, na askari wakatumwa. Likiuma upande wa ndani walipelekwa kaskazini, likiuma upande wa nje walipelekwa kusini. Goti halikuwahi kukosea, maana popote askari walipofika, fujo ilitokea.

Kisha Mheshimiwa Rais akarudi kutoka kwenye mkutano wa ng'ambo akiwa na begi la karatasi na sentensi moja aliyoipenda sana. "Usalama wa kisasa," alisema pale uwanja wa ndege, kabla hata hajashuka ngazi zote, "hautegemei goti. Unategemea taaluma mchanganyiko za sayansi ya jamii, zikisaidiwa na modeli za kompyuta." Wiki iyo hiyo goti likastaafishwa kwa heshima zote, na mwenye goti akateuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Ofisi ya Kutabiri Fujo.

Siku ya uzinduzi Jenerali alihutubia mpaka maji ya kunywa yakaisha mezani. "Ndugu wananchi," alisema, "katika kuelekea huko tunakoelekea, tumebaini kwamba fujo haianzii mtaani. Fujo huanzia ndani ya mtu. Hivyo serikali yenu sikivu imeamua kuingia ndani ya mtu." Tulipiga makofi. Bwana mmoja jirani yangu alijishika tumbo, lakini nadhani lilikuwa linamuuma tangu asubuhi.

Wataalamu waliajiriwa wanne: profesa wa hisabati, mchumi, mwanasaikolojia, na mtaalamu wa mila na desturi aliyeitwa Dakta Perusi Malongo. Kwa sababu za kiusalama kila mmoja alifungiwa chumba chake, na taaluma moja haikuruhusiwa kusikia nyingine inasema nini. Jenerali peke yake ndiye aliyepita mlango hadi mlango akikusanya karatasi, kisha akazibana kwa stepla. Huko kubana ndiko kulikoitwa kuunganisha taaluma, na nchi jirani mbili zilituma wajumbe kuja kujifunza.

Karatasi zilizobanwa zililishwa kompyuta kubwa. Jina lake rasmi lilijaa mlango mzima, ila wafanyakazi waliiita Shangazi, kwa vile ilitaka kujua nani kaoa, nani kanuna na nani kapika nini. Shangazi alisikiliza simu zote za Nchi, na alikuwa na masikio sokoni, kilabuni na misibani. Ukutani palikuwa na skrini yake. Kijani ilikuwa amani, njano wasiwasi, nyekundu vita.

*

Mwezi haujaisha, Shangazi akawa mwekundu.

Ilikuwa wilaya moja ya kusini, ambako Wakindo wanaishi upande huu wa mto na Wabwiri upande wa pili. Shangazi alikuwa amenasa maneno ya kutisha kutoka huko, na Jenerali akayasoma mwenyewe mbele ya kikao, miwani ikiwa imeshuka puani.

"'Nyie Wakindo ni watu gani? Hata maiti yenu ina sura ya kudoea. Izikeni upesi kabla haijaomba ugali.' Hayo yamesemwa na Mbwiri, tena msibani, tena mbele ya mjane. Na sikilizeni hili. Mjane alicheka."

Jenerali akageuza ukurasa.

"'Mbwiri ukimwona ameoga, ujue amesukumwa mtoni.' Huyu ni Mkindo, sokoni, mchana kweupe. Na hili sasa: Mbwiri mmoja ameingia kaburini akiwa mzima, akalala humo chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo."

Wataalamu walitoa maoni yao kwa maandishi, kila mtu kutoka chumbani kwake. Mchumi alieleza kwamba huo ni uporaji wa rasilimali kuku kwa njia ya kukalia miundombinu ya mazishi. Mwanasaikolojia alisema kicheko cha mjane ni dalili ya kiwewe kilichokomaa. Profesa wa hisabati alichora mstari uliopanda kama ngazi ya kupandia mnazi na kuthibitisha kwamba, kwa kasi hiyo ya matusi, watu hao watachinjana kabla ya mavuno.

Dakta Perusi Malongo hakuandika. Aliomba atolewe chumbani aje aseme kwa mdomo.

"Mheshimiwa Jenerali, hao ni watani."

"Fafanua."

"Zamani Wakindo na Wabwiri walipigana wenyewe kwa wenyewe mpaka kila upande ukakosa watu wa kuzika wafu wake. Wabwiri wakazika maiti za Wakindo, Wakindo wakazika za Wabwiri. Wakakubaliana kuanzia siku ile wapigane kwa mdomo tu, na kila mmoja amzike mwenzake. Kaburi la Mkindo linachimbwa na Mbwiri mpaka leo, Mheshimiwa. Na maiti haishuki mpaka Mbwiri huyo aitukane. Wakitukanana wako salama. Siku wakianza kuheshimiana ndiyo tuogope."

Jenerali akatabasamu kwa upole mwingi. "Dakta, umesema vizuri, na kwa hisia. Lakini hiyo ni mila. Sisi hapa tunafanya sayansi."

"Na mimi Mheshimiwa nimeajiriwa kama—"

"Na mchango wako umeingizwa! Profesa, mila tumeipa uzito gani mle ndani?"

Profesa akainua macho kwenye mistari yake. "Sawa na hali ya hewa, Mheshimiwa."

Dakta Perusi mwenyewe ni Mkindo, kazaliwa hatua chache kutoka mto ule. Lakini alikuwa anajenga, na nyumba yake ilikuwa haijaezekwa. Akarudi chumbani kwake. Gazeti letu likaandika kwamba wataalamu wamekubaliana kwa kauli moja.

*

Ikatungwa Sheria ya Kauli Safi. Chini ya sheria hiyo Mkindo haruhusiwi kufika kwenye msiba wa Mbwiri, wala Mbwiri kwenye wa Mkindo. Darajani pakawekwa kizuizi cha bomba la chuma na askari wenye bunduki. Na kwa wale ambao hawakuweza kukwepana, ofisi ilitoa salamu moja iliyopimwa na wataalamu, ikabandikwa sokoni, shuleni na kwenye mashine za kusaga: *Ninaiheshimu jamii yako.*

Watu walijaribu. Nilimwona mama mmoja wa Kikindo akinunua dagaa kwa Mbwiri aliyemzoea miaka yote. Walisimama wakatazamana. Yule mama akasema anaiheshimu jamii yake, yule bwana naye akasema anaiheshimu ya kwake, kisha mama akachukua dagaa wake, akaondoka bila kuongezewa hata mkia mmoja. Matusi yalishuka mpaka sifuri. Shangazi akawa kijani toka juu hadi chini, na Mheshimiwa Rais alicheza ngoma kwenye televisheni.

Palitokea jambo dogo tu. Mbuzi wa Mbwiri alivuka mto akala mihogo ya Mkindo. Zamani mwenye mihogo angesimama ukingoni akamtukana mwenye mbuzi mpaka jua lizame, mwenye mbuzi akajibu, watu wakavunjika mbavu, na kesho yake mzigo wa mihogo ungelipwa. Safari hii mwenye mihogo hakusema kitu. Alichukua panga, akasubiri njiani, akamkata mwenzake mkono. Shangazi alisikiliza tukio zima kwa makini, lakini kwa kuwa mkataji hakutamka neno lolote, skrini ilibaki kijani.

*

Hapo ndipo Mzee Malongo, baba yake Dakta Perusi, alipofariki dunia.

Nilitumwa na gazeti, kwani Jenerali alikuwa ameamua yawe mazishi ya mfano. Mkindo wa kwanza mashuhuri kuzikwa bila tusi! Kulikuwa na kamera, mahema ya serikali, na kaburi lililochimbwa na kikosi cha uhandisi, pembe zake nne zimepimwa kwa kamba. Jenerali alikuja na skrini ndogo ya Shangazi, ya kushika mkononi, ili Nchi nzima ione rangi ya kijani juu ya msiba.

Mjane, Bi Sikuzani, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha marehemu. Alimwita binti yake kwa kidole.

"Chilumba yuko wapi?"

"Mama, unajua hawezi kuvuka."

"Mimi sikukuuliza anaweza nini. Nimekuuliza yuko wapi. Baba yako na Chilumba wametukanana tangu hawajaota ndevu. Baba yako hashuki mle ndani kabla Chilumba hajasema. Atakaa hapa hapa."

Mzee Chilumba alikuwa ng'ambo ya mto, kwake, mahali ambapo moshi wa jiko lake ulionekana kutoka pale tulipokaa.

Lakini serikali ilikuwa imefikiria kila kitu. Jenerali akamsogelea mjane, akainama. "Mama, pole sana. Tunatambua hitaji lako la kimila. Ofisi imekuletea Mtani wa Serikali."

Akajitokeza Kapteni Zabroni, kijana nadhifu aliyekuwa amehudhuria kozi. Alikaza mgongo, akafungua jalada, akasoma kwa sauti ya kusikika kijiji kizima:

"Marehemu Malongo! Ulikuwa na changamoto kadhaa katika usimamizi wa muda. Aidha, uchekeshaji wako haukukidhi matarajio ya wadau. Hata hivyo, ninaiheshimu jamii yako."

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyelia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watu waliketi na uchungu wao umekwama kooni, hawajui waupeleke wapi. Mimi nimehudhuria misiba mingi, sijawahi kuona uliokauka vile, na nilikasirika pale nilipokaa, nikakasirika na kalamu yangu mwenyewe.

"Mwanangu," Bi Sikuzani akamwambia Perusi, "mwambie huyo mtoto wa watu aache kutusomea taarifa ya mwaka."

Jenerali akanyooka. "Mama, marehemu atashuka leo kabla jua halijazama. Mkikataa kumshusha, askari watamshusha. Hatuwezi kuharibu rangi."

*

Dakta Perusi alienda nyuma ya jiko na simu yake. Nilimfuata, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Alijua vizuri nani anasikiliza simu hiyo. Alikuwa amesaidia kumlisha. Akapiga.

"Mzee Chilumba. Shikamoo. Ni mimi, Perusi."

Kisha sauti ya mzee ikasema polepole, kama mtu anayesoma ubao wa shule: "Ninaiheshimu jamii yako."

Hapo ndipo Perusi alipolia. Hakuwa amelia tangu baba yake akate roho, lakini maneno yale matatu yalimwangusha, akashika ukuta wa jiko. Yule mzee aliyekuwa akimwita "mke wangu" tangu anatambaa, aliyekuwa akimnyang'anya muhindi wa kuchoma na kumkimbiza uani, alikuwa anaogopa. Na aliyemtia woga alijua ni nani.

Akafuta uso kwa khanga. Akapiga moyo konde.

"Chilumba, wewe Mbwiri uliyezaliwa kwa kukosea njia," alisema, na sauti yake ikawa inapanda, "unakaa hapo unakuna mbavu huku baba yangu anakungoja? Wewe kula kwake umekula miaka yote, kumzika ndiyo miguu inauma? Kama mmekuwa waoga kiasi hicho sema, tuje tuwafundishe wake zenu kuchimba makaburi, maana wanaume kwenu waliisha zamani!"

Halafu, kwa sauti iliyovunjika katikati, mzee akasema: "Kwa hiyo yule mzembe amekufa kweli? Hata kufa kwenyewe amekufa bila kuniaga? Mkindo hana adabu hata siku ya mwisho! Mwambie asishuke. Mwambie nakuja kumsuta."

Kule mbele ya nyumba nikasikia Jenerali anapiga kelele. Skrini ilikuwa imewaka nukta moja nyekundu. Na kwa kuwa habari kwetu haihitaji gazeti, watu wakaanza kutoa simu mifukoni. Mkindo mmoja akampigia Mbwiri wake akamwita mkia wa mbuzi. Mwingine akampigia wake akamuuliza kama bado anakojoa kitandani. Kijiji kizima kilisimama uani kikitukana kwa furaha na machozi, na huko ng'ambo walikuwa wanajibu. Skrini ikawa nyekundu mpaka pembeni, ikaanza kulia yenyewe.

"Ni vita!" Jenerali akapaza sauti. "Modeli ilisema! Kizuizi! Askari wote darajani!"

*

Nilikimbilia darajani. Mzee Chilumba alikuwa anakuja katikati ya daraja na jembe begani, nyuma yake Wabwiri wametapakaa barabara nzima, wanawake kwa wanaume, wanatukana bila kupumzika. Askari waliinua bunduki. Koplo aliyesimama mbele alikuwa Mkindo, kijana wa pale pale.

"Simama!" akaamuru.

"Nisimame nini?" Chilumba akajibu bila kupunguza mwendo. "Na wewe mwenye miguu ya kunguru, sare umeazima kwa nani? Mama yako alikuzaa au alikukuta kwenye tope?"

Amri ilisema wazi kwamba tusi ni dalili ya shambulio. Niliona kidole cha koplo kwenye bunduki, na sitaki kusema uongo, nilifumba macho. Bunduki haikulia. Nilichosikia ni sauti ya koplo ikijibu, upesi, pengine kabla hajajua kwamba anajibu:

"Nimekuona, Mbwiri. Harufu ya wali wa msiba imekufikia mpaka kwenye shimo lako, eh? Ona jinsi ulivyovimba mashavu!"

Daraja lote likalipuka kwa kicheko. Koplo akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na alipoinama kuiokota akawa anafuta macho. Kizuizi kiliinuliwa. Nani alikiinua sijui, ingawa mkono wangu ulikuwa na kutu ya bomba jioni ile.

*

Dakta Perusi alifukuzwa kazi, na alishtakiwa kwa kuhujumu rangi ya taifa. Kesi bado inatajwa na kuahirishwa, na nyumba yake mpaka sasa haina bati. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani kwamba alichokifanya pale kaburini alikifanya bila kujua gharama yake. Alijua.

Chilumba alipofika hakumsalimia mtu. Alilitazama kaburi la kikosi cha uhandisi. "Hili nani kachimba? Mnamzika mtu au mnajenga choo?" Akarukia ndani, akazipiga jembe zile pembe nne mpaka akaridhika, kisha akalala chali, mikono kifuani.

"Sitoki," alisema kutoka chini. "Malongo, njoo unitoe mwenyewe kama wewe ni mwanamume. Maisha yako yote umekuwa mvivu, mchoyo, mwongo wa kupindukia, na ukicheza bao unaiba kete. Nani nitamtukana mimi sasa? Ebu niambie. Asubuhi nikiamka nimtukane nani?"

Na hapo msiba ukafunguka. Bi Sikuzani alipiga ukunga, na wanawake wa pande zote mbili wakaupokea, vilio vikapanda vikichanganyika na vicheko, na watu wakashikana.

Jenerali alikuja akikanyaga mikeka, skrini inalia mkononi. Alisimama juu kabisa ya lundo la udongo. "Dakta Malongo! Mbele ya kamera hizi utatamka kwamba umeshuhudia chuki ya kikabila. Utatamka kwamba modeli ilikuwa sahihi. Ukitamka, utabaki na kazi yako."

Perusi alisogea karibu na kamera, akapanga khanga yake.

"Naitwa Perusi Malongo," alisema. "Nimemtukana Mbwiri leo kwa akili zangu timamu, kwa simu yangu, kwa sauti ya juu. Nitamtukana kesho. Akifa nitamzika, na nikifa wanawe watanizika mimi. Mashine yenu inajua kuhesabu matusi. Haijui nani atabeba jeneza. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa ajili ya bati. Leo sinyamazi. Nikamateni nikishamaliza kumzika baba."

Jenerali aligeukia askari. Askari walikuwa wanatazama miguu yao.

Kutoka shimoni Chilumba akainua kichwa. "Afande, samahani. Wewe mtani wako ni nani?"

"Mimi ni wa taifa zima," Jenerali akajibu. "Hakuna wa kunitania."

"Masikini," mzee akasema, na alimaanisha. "Sasa utazikwa na nani?"

Niliona kitu kikipita usoni pa Jenerali. Alimtazama Kapteni Zabroni na jalada lake, kisha akatazama skrini.

Bi Sikuzani akainuka kutoka kwenye mkeka wake, akijishika kiuno. Alikuwa mwanamke mfupi, macho yamevimba kwa kulia. Akatembea mpaka chini ya lundo la udongo, akamwangalia Jenerali wa Nchi nzima kuanzia viatu mpaka nyota za mabegani.

"Wewe, kichwa kama kinu," alisema. "Unakanyaga udongo wa mume wangu. Sogea."

Na Jenerali, mbele ya kamera na askari wake wote, akasogea.